Upinde wa Skuli Usiwe wa Maonyesho

Mwalimu mmoja kijana, mzaliwa wa Pemba ambaye sasa anasomesha Morogoro chini ya milima ya Uluguru, ametuletea barua ambayo tumeona si haki kuijibu kwa siri. Anasema kwamba katika skuli yake wameanzisha chama cha kulenga shabaha kwa uta na mishale. Wanafunzi waliojiandikisha ni 32, na fedha walizochanga wazazi hazifiki shilingi laki nane. Wapo wanaomshauri anunue upinde mmoja wa fakhari, uliotengenezwa kwa pembe na kano za wanyama mfano wa ule wa wapanda farasi wa Kituruki na wa Kimongolia, ili skuli iwe na kitu cha kuwaonyesha wageni. Wapo wanaomwambia aingie msituni akate miti achonge. Naye anatuuliza: kwa fedha hizo, na kwa watoto ambao hawajapata kushika upinde maishani mwao, achague upi?

Huenda msomaji wetu wa Visiwani akasema kwamba ya Morogoro wayajue wa Morogoro. Hatukubaliani naye. Vijana wetu wengi wako huko wakisoma katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na katika Chuo Kikuu cha Mzumbe. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupokea mvua nyingi inayotoka baharini, na unyevu wake hauna tofauti kubwa na ule unaotia kutu misumari na kuvu viatu hapa kwetu wakati wa masika. Zaidi ya hayo, kosa analotaka kuliepuka mwalimu huyu tunalifahamu vizuri sisi pia, nalo ni la kununua vifaa vya michezo kwa kuvipendeza macho.

Tulipata kuona katika skuli moja, ambayo hatutaitaja, pinde sita zilizoletwa kwa msaada, kila moja ikitaka nguvu za mtu mzima aliyezoea. Mtoto wa kwanza aliyejaribu alivuta nusu, mikono ikamtetemeka, upote ukamponyoka na kumchapa mkono wa kushoto kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Wa pili hakutaka kujaribu. Baada ya wiki chache pinde zile zilikuwa ghalani nyuma ya madawati mabovu, zingali zinang'aa, na katika taarifa ya skuli ziliandikwa kuwa ni vifaa vilivyopokelewa na kutumika.

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba mchezo huu ni wa wageni. Uta, upote, wano, chembe, podo: lugha isingekuwa na majina yote haya kama watu wake hawakuwa na kitu chenyewe. Wareno wa Francisco de Almeida walipoishambulia Mombasa mwaka 1505 walipokewa kwa mishale na mawe kutoka juu ya nyumba. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanawinda kwa upinde hadi leo. Waata wa nyika ya Kenya, waliokuwa wakiwinda ndovu kwa mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, walikuwa na pinde za kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya ratili 100, uzito ambao wapigaji wengi wa Ulaya wa leo hawauwezi. Na nchi jirani ya Kenya ilipoingia uwanjani Rio de Janeiro mwaka 2016 katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki, bendera yake ilibebwa na Shehzana Anwar, mpiga upinde.

Lakini tusidanganywe na sifa hizo. Upinde wa Mwata ni chombo cha mwindaji aliyeanza kuvuta tangu utotoni, akiongezewa uzito kidogo kidogo kadiri alivyokua. Kumpa upinde wa namna hiyo mtoto wa darasa la saba ni sawa na kumpa mwanafunzi wa udereva lori la tani thelathini.

Sasa, kwa nini upinde wa mpanda farasi, katika nchi ambayo mbung'o wamewaua farasi wengi kwa ugonjwa wa nagana na ambayo watoto wengi wa Uluguru hawajapata kumwona farasi isipokuwa pichani? Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba upinde huu ulifanywa mfupi ili mtu aliyeketi juu ya tandiko aweze kuuhamisha kutoka upande mmoja wa shingo ya mnyama hadi wa pili, na ufupi huo unamfaa pia mtoto mwenye kimo kidogo, na unamfaa sana mwanafunzi anayekaa katika kiti cha magurudumu. Wengine wamekwisha sahau kwamba mashindano ya walemavu yanayojulikana leo duniani kote yalianza mwaka 1948 huko Stoke Mandeville, Uingereza, kwa wagonjwa 16 waliokuwa wakishindana kwa upinde.

Iko sababu nyingine ambayo kwa skuli maskini ina thamani kuliko hiyo. Pinde za kisasa za mashindano zina mshiko uliochongwa kwa mkono mmoja tu, wa kulia au wa kushoto. Anayetumia mkono mwingine hana lake. Upinde wa mpanda farasi hauna kikalio cha mshale. Mshale hulala juu ya ngumi ya mpigaji mwenyewe, na kwa hiyo upinde mmoja huwatumikia wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto bila kubadilishwa chochote. Hauna darubini, hauna skrubu, hauna chuma cha kupotea. Katika darasa la watoto 32 wanaopokezana pinde chache, hilo pekee latosha kumaliza ubishi.

Tukija kwenye uzito, ambao ndio unaoharibu mambo mara nyingi kuliko bei, ushauri wetu ni huu. Uzito wa upinde haupimwi kwa mizani ya kuubebea bali kwa nguvu inayotakiwa kuuvuta, na wauzaji duniani kote huutaja kwa ratili. Mtoto wa miaka kumi na mbili au kumi na nne aanze na ratili 15 hadi 20, yaani kilo 7 hadi 9. Mtu mzima anayeanza, hata akiwa mchukuzi wa magunia bandarini, asizidi ratili 30. Misuli ya mgongo inayotumika hapa si ile ya kubebea mizigo, na mwenye kifua kipana huaibika mbele ya msichana mwembamba aliyefanya mazoezi miezi miwili. Kipimo chepesi ni kumwambia mwanafunzi avute hadi mwisho na kushikilia huku mwalimu akihesabu polepole mpaka kumi. Mkono ukianza kutetemeka kabla ya hapo, upinde ni mzito kwake, hata kama mwenyewe anaapa kuwa si mzito.

Tena iko hesabu ambayo muuzaji haielezi asipoulizwa. Ratili zilizoandikwa juu ya upinde kwa kawaida ni zile zinazopatikana ukivutwa inchi 28, karibu sentimita 71. Mtoto havuti kiasi hicho. Anyooshe mikono yote miwili ubavuni, apimwe kutoka ncha ya kidole kirefu hadi ncha ya kile kingine, na jumla igawanywe kwa mbili na nusu. Mwenye sentimita 150 atavuta kiasi cha sentimita 60, na upinde ulioandikwa ratili 25 hautamfikia kwa ratili zote hizo. Kwa upande mwingine, upinde mfupi una mwisho wake. Mwalimu aulize kwa maandishi unaweza kuvutwa sentimita ngapi bila kudhurika, kwa kuwa mtindo wa wapanda farasi ni kuvuta hadi karibu na sikio, na kijana mrefu anaweza kuuvunja upinde wa watoto siku ya kwanza.

Vipi kuhusu kitu unachotengenezwa nacho? Upinde wa pembe ni kazi ya ajabu ya binadamu, wala hatuudharau. Katikati ni ubao mwembamba, tumboni ni pembe, mgongoni ni kano zilizopakwa gundi, na fundi huungoja ukauke kwa miezi mingi. Bei yake hufika mamia ya dola na huvuka hata elfu. Adui yake ni unyevu, kwa kuwa gundi ya asili hulegea hewa ikiwa nzito. Hili walilijua wa kale: kitabu cha Kiarabu cha ufundi wa upinde kilichoandikwa karibu na mwaka 1500, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa Princeton mwaka 1945, kinazipambanua pinde za namna mbalimbali, zikiwamo za Hijazi zilizochongwa kwa mti mtupu. Wakorea, ambao upinde wao wa pembe ya nyati wa majini ni fakhari ya taifa, huuweka mahali pakavu penye joto. Na wanafunzi wao wanaoanza hawapewi huo, hupewa wa fibaglasi wenye umbo lile lile na bei ndogo. Ikiwa wenye mila yenyewe wanafanya hivyo, sisi wa Morogoro na wa Unguja tutafute nini katika upinde wa pembe?

Basi wa fibaglasi ndio jibu la kwanza. Hauogopi masika, hauli mchwa, unapatikana nje kwa dola mia moja au zaidi kidogo, na ulio rahisi kuliko huo upo pia. Lakini nauli na ushuru vihesabiwe kabla ya kuagiza, wala si baada ya mzigo kufika. Kwa laki nane mwalimu wetu atapata mmoja, au wawili akibahatika, pamoja na mishale kidogo. Upokeapo, utazame kwa mbele kama anavyotazama seremala ubao: upote upite katikati kabisa ya mshiko na ya mikono yote miwili. Ncha ikielekea upande, upinde umepinda na urudishwe. Upote wenyewe, kwa pinde za bei ndogo, uwe wa dakroni ambao hunyumbuka kidogo na kupunguza mshtuko. Katika kuufunga upote, kamba maalumu ya kufungia ni bora kuliko kuupitisha upinde katikati ya mapaja, kwa sababu mapaja ndiyo yanayozipinda ncha hizo.

Kuhusu bomba la plastiki la maji, ambalo vijana wengi wanalipasha moto na kulikunja kuwa upinde, hatutaki kuwavunja moyo wabunifu. Kwa senti chache linafanya kazi. Walakini bomba lililokaa juani mwaka mzima huwa kavu, na siku likipasuka likiwa limevutwa hutoa vipande vyenye makali mbele ya uso. Kama halina budi kutumika, liwe jipya, lifungwe kitambaa imara kutoka ncha hadi ncha, na litupwe kabla halijachoka.

Upinde wa mti ndio unaotugusa zaidi, kwa sababu mmoja au wawili wa kununuliwa hawatoshi watoto 32. Bhutan, nchi ndogo ya milima ambayo upinde ndio mchezo wake wa taifa tangu mwaka 1971, ililea wapigaji wake kwa pinde za mianzi. Mianzi ipo katika mabonde ya Morogoro. Mkole, mti wenye heshima yake katika unyago wa Wazaramo, ni wa jamii ya miti ambayo Waafrika wengi wameichongea pinde. Mpera, ambao kila mtoto wa Visiwani na wa Bara anaujua kwa panda za manati, unastahili kujaribiwa. Mafundi wa mitumbwi na majahazi wa hapa Unguja, wanaoijua nyuzi ya mti kwa kupapasa, wangeweza kumsaidia mwalimu huyu kuliko kitabu chochote. Kanuni yao ni ile ile: mgongo wa upinde ufuate nyuzi moja isiyokatwa, na tumbo ndilo linalochongwa, kidogo kidogo, mpaka mikono miwili ipinde sawasawa.

Jambo moja lisifanywe, nalo ni kuingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru kutafuta miti. Msitu ule, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2008 na wenye zaidi ya hekta 24,000, ndio unaolinda chemchemi za mito inayojaza Ruvu, na Ruvu ndiyo maji ya Dar es Salaam. Mti wa pinde utoke shambani kwa mtu, kwa ridhaa yake.

Mishale nayo isidharauliwe. Hatari iko kwayo kuliko kwa upinde. Kwa sababu mshale unapita juu ya ngumi, unyoya wake uwe wa ndege wa kweli, wa bata mzinga au kuku mkubwa, unaolala chini unapogusa mkono. Unyoya wa plastiki hukwaruza ngozi na kuutupa mshale upande. Wano liwe refu kupita kipimo cha mvuto wa mwanafunzi mrefu kuliko wote, ili lisije likaingia nyuma ya ngumi. Mwanzi au tete lenye ufa mdogo livunjwe pale pale, lisirudishwe podoni. Upote usiachiwe kamwe bila mshale, maana nguvu ambayo ingemwendea mshale huurudia upinde na kuupasua. Anayetaka kuvuta kwa dole gumba kama wapanda farasi wa zamani ajifunze hivyo, na pete ya ngozi itamtosha. Lakini aelewe kwamba kwa njia hiyo mshale hulala upande wa kulia wa upinde kwa mpigaji wa mkono wa kulia, na kwa vidole vitatu hulala upande wa kushoto. Tumeona watoto wakichanganya mambo haya mawili na mshale ukaanguka miguuni mwao.

Shabaha haigharimu kitu. Morogoro ni nchi ya mkonge, na gunia la katani lililojazwa nyasi kavu au vitambaa likashindiliwa husimamisha mshale mwepesi. Hapa Visiwani makumbi ya nazi yanafanya vivyo hivyo. Nyuma ya gunia pawe na kichuguu au ukingo wa udongo. Mbele yake, mstari mmoja ambao hakuna anayeuvuka mpaka pinde zote zimewekwa chini.

Hayo ni ya mwalimu. Yanayobaki ni ya serikali, na hapa tunawageukia waheshimiwa wahusika kwa adabu lakini bila kuficha neno. Sheria ya Hifadhi za Taifa inamtia hatiani mtu anayekutwa ndani ya hifadhi na silaha bila kibali, nayo ni sheria njema iliyookoa wanyama wengi. Lakini barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Timu ya watoto itakayopanda basi kwenda kushindana Iringa, na pinde zao za ratili 18 zikiwa kwenye buti la gari, itakuwa ndani ya hifadhi na kitu ambacho askari ana haki ya kukiita silaha. Mwalimu ameandika kwamba hili ndilo linalomnyima usingizi kuliko bei. Hatumlaumu askari, hakupewa mwongozo. Tunaomba Baraza la Michezo la Taifa, pamoja na wenye dhamana ya hifadhi, waandike karatasi moja itakayoeleza upinde wa mchezo ni upi, usafirishwe vipi, ukiwa umefunguliwa upote na mishale ikiwa imefungwa mbali, na chama kilichosajiliwa kionyeshe hati gani njiani. Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar nalo lisingoje mpaka kijana wa kwanza azuiliwe bandarini.

Na kwa kuwa tumekwisha omba moja, tuombe na la pili. SIDO imekuwapo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Vyuo vya ufundi stadi vipo. Chuo cha Sokoine kina wataalamu wa misitu na mazao yake mlangoni pa skuli hiyo. Kuchonga pinde 20 za mwanzi na mpera, kuzipima ratili zake kwa mizani ya ndoana, na kuandika ni zipi zilizovunjika na kwa nini, ni kazi ya muhula mmoja kwa wanafunzi wachache. Fedha zinazotakiwa ni chache kuliko posho ya semina moja.

Kwa mwalimu wetu, tunamshauri anunue mmoja wa fibaglasi, wa ratili 20, uwe wa kufundishia na wa kulinganishia. Fedha zitakazosalia azigawe baina ya mishale, ngozi ya kukinga mkono na randa ya fundi. Miti ya kuchonga aikate mapema wakati wa kiangazi, aipake nta au rangi kwenye ncha zote mbili isipasuke, na kuiweka darini kivulini kwa miezi kadhaa. Hadi itakapokauka, watoto 32 watakuwa wamekwisha jifunza kusimama, kuvuta na kusubiri zamu kwa upinde mmoja.